Namna ya Kwenda Kufundisha Hoteli ya Nyota Tano Ughaibuni Ukitokea Mbagala

Mwongozo huu ni wa kijana wa Mbagala, Tandika, Buza, Mwananyamala, Kawe au Bunju ambaye keshafanya kazi hotelini, ana Kiingereza cha kujitetea, na sasa roho inamtuma Dubai, Doha au Muscat. Haendi kubeba mabegi ya wageni, ingawa kubeba mabegi ni kazi ya heshima na sikubali mtu aidharau mbele yangu. Anataka ile kazi ya kusimama na wafanyakazi wapya na kuwaonyesha namna hoteli inavyotaka mambo yaende. Anataka kuwa mkufunzi. Nimeifanya kazi hiyo Ghuba, naipenda, na ningefurahi kuona watu wa kwetu wengi zaidi wakiifanya. Nitakutania njiani, maana safari ndefu haiendi bila utani, lakini kila ninalokuambia hapa nalimaanisha.

Usianze na wakala

Vijana wengi huanza mwisho. Kijana hajajua kutandika kitanda, tayari ana namba tatu za mawakala kwenye simu. Mdogo wangu, hoteli kubwa haimchukui mkufunzi aliyesomea kufundisha peke yake. Inamtaka mtu aliyewahi kuungua mkono jikoni, aliyewahi kusukuma toroli la mashuka kwenye korido ndefu, aliyewahi kusimama mapokezi saa kumi alfajiri mbele ya mgeni ambaye chumba chake hakipo tayari.

Mlango wa kwanza uko karibu na kwenu. Chuo cha Taifa cha Utalii kina kampasi Temeke, na nyingine, ya Bustani, katikati ya jiji. VETA wana chuo chao cha hoteli na utalii Njiro, Arusha. Upo pia mpango wa uanagenzi wa hoteli ulioanzishwa kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani, ILO, ambamo mwanafunzi kwa miaka miwili anagawa muda wake kati ya chuo na hoteli yenyewe. Ukipata nafasi humo, usiiache kwa ajili ya njia ya mkato. Mwajiri wa Doha akishika cheti chako anajiuliza kitu kimoja: huyu alishika kazi, au alisimuliwa?

Na wewe uliye hotelini siku nyingi bila cheti, kuanzia Mbezi Beach mpaka Kunduchi, usijione umechelewa. VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi ambao mtu ameupata nje ya darasa. Unapimwa unachokijua, unajaziwa pengo, unapewa cheti. Mpishi aliyejifunza kwa kukaripiwa jikoni anastahili karatasi yake sawa na aliyejifunza kwa kuandikiwa ubaoni, na nasema hivyo nikijua wapo wenye digrii watakaonuna.

Ukishaingia hotelini, ijue ngazi. Katika hoteli kubwa kila idara huwa na mtu anayeitwa mkufunzi wa idara. Bado anaingia zamu kama wenzake, ila amepewa jukumu la kuwafundisha wapya. Wengi hulikwepa jukumu hilo kwa sababu mara nyingi halina nyongeza ya mshahara. Wewe likimbilie. Kutoka hapo ndipo mtu anapanda kuwa mratibu wa mafunzo, kisha ofisa, kisha meneja wa mafunzo. Nunua daftari gumu, andika nani umemfundisha, umemfundisha nini, tarehe gani, na baada ya mwezi alikuwa anafanyaje. Siku ya usaili, wenzako watasema wanapenda sana kufanya kazi na watu. Wewe utafungua daftari.

Sasa wakala

Mwaka 1997 ILO ilipitisha Mkataba Namba 181 kuhusu mawakala binafsi wa ajira, na kifungu cha 7 kinasema wakala asimtoze mfanyakazi ada wala gharama, iwe waziwazi au kwa kuzunguka. Sheria ya kazi ya Falme za Kiarabu, ile Namba 33 ya 2021 iliyoanza kutumika tarehe 2 Februari 2022, inamkataza mwajiri kumtwisha mfanyakazi gharama za kumwajiri. Inamkataza pia kushikilia hati zake. Kwa hiyo mtu akikuambia hoteli ya Dubai inataka milioni tatu za kushughulikia faili lako, simama, muage kwa adabu, ondoka. Usimrudie hata akikupigia kesho na kusema nafasi imebaki moja. Nafasi huwa imebaki moja kila siku.

Wakala anayepeleka watu nje lazima awe na leseni ya serikali. Nenda ukaulize TaESA, wanaoshughulikia huduma za ajira serikalini, kabla hujampa mtu hata nakala ya cheti. Pasipoti unaiomba mwenyewe Uhamiaji, na ada ya pasipoti ya kielektroniki ni shilingi 150,000. Anayekutajia zaidi ya hapo anakutajia kodi ya nyumba yake.

Mimi mwenyewe niliwahi kukaa kwenye benchi la ofisi moja ya wakala, nikaona dada mmoja akihesabu noti zilizofungwa kwenye kona ya khanga, pesa za mchezo wa kina mama wa mtaani kwao. Hakupewa risiti. Aliahidiwa kazi ya mapokezi, na hakuna aliyemuuliza kama aliwahi kushika kazi ya mapokezi. Nilijaribu kumnong'oneza, akanijibu, "Kaka, nimeshamwahidi mama." Ndiyo maana nasisitiza hapa mpaka nionekane mkorofi. Deni la kuondokea ndilo linalomfanya mtu akubali huko mbele kila atakachoambiwa, na mtu asiyeweza kusema hapana hawezi kufundisha wenzake.

Ukipata mkataba, usome ukiwa umekaa. Tafuta mshahara wa msingi, uutenganishe na posho. Tafuta saa za kazi, malazi, tiketi ya likizo, muda wa majaribio. Kwa Falme za Kiarabu muda wa majaribio hauzidi miezi sita. Kwa Qatar, tangu Machi 2021 kima cha chini ni riyali 1,000 kwa mwezi, na kama mwajiri hatoi malazi na chakula anaongeza 500 na 300. Mkufunzi hupata zaidi ya hapo, lakini zijue namba hizo, kwa sababu wengi utakaowafundisha wako karibu nazo, na utakuwa unawaomba watabasamu kwa saa nane.

Kuhusu ndugu: waage wote, usimwahidi yeyote. Mshahara wa kwanza una kazi nyingi kabla haujaifikia simu ya shangazi wa Chamazi.

Siku ya kwanza usiwashe projekta

Utapelekwa kwenye chumba cha mafunzo chini ya hoteli, karibu na dobi, kisicho na dirisha. Utakuta projekta, kompyuta, na slaidi mia na ushee zilizoachwa na aliyekutangulia. Zima. Omba ruhusa ya wiki mbili za kufanya zamu na idara moja moja, ukiwa umevaa sare yao. Meneja atashangaa. Mwambie huwezi kufundisha kazi ambayo hujaiona ikifanyika katika jengo hilo, na usirudi nyuma.

Mimi nilianzia vyumbani. Nilimfuata dada mmoja kutoka Nepal, mwembamba, hasemi sana, ambaye kwa zamu moja alikuwa na vyumba kumi na vinne. Toroli lake lilikuwa na vitambaa vya rangi nne. Chekundu cha choo, cha njano cha sinki, cha buluu cha vumbi la mezani na madirishani, cheupe cha glasi. Alivikunja kila kimoja mara mbili, akawa na pande nane safi za kutumia kabla ya kukitupa kwenye mfuko wa vichafu. Kwenye kitanda hakuinama. Alikunja magoti, mgongo umenyooka, akainua kona ya godoro kwa kiganja, akalipitisha shuka chini, akaenda upande wa pili. Hakuna slaidi hata moja iliyokuwa na magoti yake. Slaidi zilikuwa na picha ya kitanda kikiwa kimemalizika, kinang'aa, kama vile kilijitandika.

Nilimwomba aje darasani wiki iliyofuata awaonyeshe wapya. Alisema Kiingereza chake hakitoshi. Nikamwambia asiseme chochote, atandike tu, mimi nitasema. Kufikia kitanda cha tatu alikuwa ameninyamazisha kwa mkono na anaeleza mwenyewe.

Njia ya kufundisha ninayokupa hapa ni ya zamani. Charles Allen aliitumia kuwafundisha mafundi wa viwanda vya meli Marekani wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, akaiandika mwaka 1919. Katika Vita ya Pili ikarudishwa, viwanda vilipojaa watu ambao hawajawahi kushika mashine. Ina hatua nne: mwandae mtu, mwonyeshe, mwache afanye huku unamtazama, halafu mfuatilie akiwa kazini. Wakufunzi wengi hufanya ya pili, tena kwa mdomo, kisha wanauliza, "Mmeelewa?" Mdogo wangu, swali hilo lifute kabisa. Mfanyakazi mgeni, aliyefika juzi, aliye na deni kwao, atakujibu ndiyo hata kama umezungumza Kirusi. Mpe kitambaa, sema "nionyeshe", halafu funga mdomo wako.

Na saa za mafunzo ni saa za kazi. Utashawishiwa kuwaita watu siku yao ya mapumziko, eti kwa kuwa hoteli imejaa. Falme za Kiarabu wiki ya kazi ya kawaida ni saa 48, na mafunzo ni sehemu ya hizo 48. Mhudumu aliyetoka zamu ya usiku akakaa kwenye kiti chako saa tatu asubuhi hajifunzi chochote. Anapigana na usingizi kwa heshima yako. Gombania saa hizo. Ni vita ambayo utaipigana karibu kila mwezi, na ukishindwa hiyo, mengine yote unayofundisha kuhusu kujali watu watakuona muongo, na watakuwa na haki.

Kumsoma mgeni

Sehemu hii watu wa kwetu wanaiweza bila kujua kwamba wanaiweza, ndiyo maana nitakaa nayo.

Hoteli za kifahari hupenda kujisifu kwamba zinajua anachotaka mgeni kabla hajasema. Zimenunua mifumo ya kompyuta ya kuhifadhi kwamba bwana wa chumba fulani hupenda mito miwili migumu na hanywi kahawa baada ya saa tisa. Sawa, ni vizuri. Lakini mimi nilijifunza jambo hilo kwa mama lishe wa karibu na soko la Tandika, mwenye mabenchi mawili na sufuria nne. Alikuwa anajua fundi yupi hali pilipili na yupi anataka ukoko. Alijua nani anapenda kukaa upande wa kivuli. Kikubwa kuliko vyote, alijua siku ambayo mtu hana pesa. Hakumuuliza. Alimwekea sahani, akageuka kuosha vyombo ili wasitazamane, na deni likaenda kwenye kichwa chake, halikusikika benchini. Kila mteja wake aliondoka pale na hadhi yake yote.

Nimewahi kusimulia habari za mama huyo kwenye darasa la watu wa mataifa saba, na hakuna aliyehitaji maelezo ya ziada. Mfilipino mmoja akasema kwao yupo kama huyo. Mganda akasema yupo. Mmisri akasema yupo, ila anauza ful. Baada ya hapo nikawaeleza ile kanuni ya hoteli, kwamba mgeni akiwa futi kumi umtazame kwa uso mkunjufu na akifika futi tano umsalimie, na waliona kuwa ni jambo dogo, kwa sababu kubwa walikuwa wanalo tayari.

Usipeleke Ghuba aibu ya kutoka uswahilini. Peleka ulichojifunza huko. Tahadhari moja tu, ya Muscat: usimsengenye mgeni kwa Kiswahili. Oman imejaa watu wenye asili ya Unguja na Pemba, na yule mzee mwenye kanzu nyeupe na kilemba anayekutazama kwa upole pale mapokezi huenda amezaliwa Ng'ambo ya Unguja na anakuelewa vizuri kuliko meneja wako.

Jina la mtu

Kila mfanyakazi atapewa kibandiko cha jina kifuani. Na katika hoteli nyingi, mtu wa ofisini atapendekeza lifupishwe, kwa urahisi wa wageni. Mwanahamisi atakuwa Mimi. Nyamizi atakuwa Nancy. Kijana wa Sri Lanka mwenye jina la silabi sita atapewa Sam.

Kama mwenye jina amependa, sina neno. Kama hajaulizwa, ingilia kati. Mimi nilikuwa natenga dakika kumi za asubuhi ya kwanza ya mafunzo, kila mtu atamke jina lake kamili, wenzake walirudie mpaka mwenyewe aridhike. Walicheka sana. Waliuma ndimi. Mkuu wa chakula na vinywaji, mtu mkubwa wa Kizungu, alirudia jina la kijana wa jikoni mara tano mbele ya watu wote mpaka akalipata, na kijana yule alitembea tofauti wiki nzima. Wageni wanaolipa dola mia nane kwa usiku wamesoma, wamesafiri. Mwanahamisi hatawashinda.

Hofu ya mwaka 1970

Kuna wakati utakaa kitandani kwako kwenye nyumba ya wafanyakazi ukajiuliza kama unafundisha watu kazi au unafundisha watu kuinama. Swali hilo lina historia nyumbani kwetu, na mkufunzi anayetoka Dar es Salaam anapaswa kuijua.

Hoteli ya Kilimanjaro ilifunguliwa mwaka 1965, fahari ya nchi mpya, inatazama bandari. Miaka mitano baadaye, 1970, ukazuka mjadala mkali kwenye gazeti la The Standard. Vijana wa tawi la TANU Youth League la Chuo Kikuu walihoji kama nchi inayojenga ujamaa inaweza kujenga pia hoteli za kitalii bila kuzalisha taifa la watumishi wanaonyenyekea. Wengine waliwajibu kwamba nchi inahitaji fedha za kigeni na ajira. Issa Shivji aliikusanya mijadala hiyo katika kitabu, Tourism and Socialist Development, kilichochapishwa na Tanzania Publishing House mwaka 1973.

Hoteli zimejengwa, mjadala umesahaulika, na mimi ninaishi kwa mshahara wa upande ulioshinda. Bado nasema wale vijana walikuwa wameona kitu cha kweli. Unyonge hufundishwa. Nimewaona wakufunzi wakiufundisha: wanamwambia mhudumu kwamba mgeni hakosei kamwe, wanamfundisha kuomba radhi kwa kosa ambalo si lake, wanamfundisha kucheka utani unaomtukana. Mtu aliyefundishwa hivyo hahudumii vizuri. Anahudumia kwa woga, na mgeni anauona woga huo, unamharibia hata chakula.

Kwa hiyo katika darasa lako weka somo linaloitwa wazi: mgeni akikutukana unafanya nini. Wafundishe sentensi ya kutumia, fupi, yenye staha. Wafundishe kwamba wanaruhusiwa kuondoka na kumwita msimamizi. Mfundishe msimamizi kwamba akiitwa, wa kwanza kumwangalia ni mfanyakazi wake. Kwa wahudumu wa vyumba, ambao hufanya kazi peke yao nyuma ya milango, wafundishe kuacha mlango wazi na toroli likiwa limeuziba, na kwamba mgeni akiwa ndani katika hali isiyo ya heshima, chumba kitabaki kichafu na hakuna atakayewauliza. Pata saini ya meneja mkuu kwenye hilo kabla hujalifundisha. Bila saini ni maneno tu.

Ukitaka ushahidi kwamba utu na huduma vinakwenda pamoja, tazama Mumbai. Tarehe 26 Novemba 2008 hoteli ya Taj Mahal Palace ilivamiwa na watu wenye silaha. Wafanyakazi walijua milango ya nyuma, wangeweza kutoka. Wengi walibaki, wakawatoa wageni kati ya 1,200 na 1,500, na wafanyakazi wapatao 11 waliuawa katika kazi hiyo. Watafiti wawili, Rohit Deshpandé na Anjali Raina, walikwenda kuuliza kwa nini, na mwaka 2011 wakaandika katika Harvard Business Review. Walikuta kwamba kampuni ya Taj ilikuwa inatafuta vijana kwenye miji midogo badala ya majiji makubwa, ikiangalia heshima kwa wakubwa na kujali wengine, na kwamba mafunzo yao yalichukua miezi 18 wakati hoteli nyingine zinatumia 12.

Nilipoisoma makala yao mara ya kwanza niliwafikiria watoto wa Buza na Chamazi. Tabia zile ambazo Taj ilizifuata kwa treni mpaka miji ya mbali, sisi tunalelewa nazo. Lakini sikiliza na upande wa pili: hakuna mwongozo wa hoteli unaopaswa kumwagiza mfanyakazi afe kwa ajili ya mgeni, na mkufunzi atakayeuandika afukuzwe. Wale walibaki kwa sababu miaka yote walikuwa wametendewa kama wenye nyumba.

Moto, na karatasi za uso unaocheka

Mafunzo ya moto hufanywa haraka kuliko yote, na yanapaswa kufanywa polepole kuliko yote. Usiku wa tarehe 31 Desemba 2015 moto ulipanda nje ya jengo la hoteli ya Address Downtown, Dubai, jirani na Burj Khalifa, eneo lote likiwa limefurika watu waliokuja kutazama fataki. Watu walitolewa ndani ya jengo lenye ghorofa zaidi ya sitini. Siku kama hiyo hakuna anayekumbuka slaidi. Mtu anakumbuka miguu yake ilipita wapi. Kwa hiyo wapitishe kwenye ngazi zenyewe, kutoka ghorofa ya juu mpaka mahali pa kukusanyikia, na watu wa zamu ya usiku wasisahaulike. Nenda saa nane usiku uwafundishe saa yao. Watakupenda kwa hilo, maana hakuna mwingine anayekwenda.

Baada ya kila somo hoteli itakutaka ugawe karatasi zenye uso unaocheka na uso ulionuna, wafanyakazi waweke alama. Zikusanye, uzitunze, usizitegemee. Donald Kirkpatrick alieleza tangu mwaka 1959 kwamba mafunzo hupimwa kwa ngazi nne: walipenda, walijifunza, wanafanya tofauti kazini, na matokeo yamebadilika. Karatasi ile inapima ngazi ya kwanza peke yake. Uso unacheka kwa sababu kulikuwa na biskuti. Ngazi ya tatu unaipima kwa kwenda kwenye korido baada ya mwezi na kuangalia kitambaa chekundu kiko wapi.

Utaambiwa pia kuhusu wakaguzi wa siri. Forbes Travel Guide, kwa mfano, hutuma watu wanaolala hotelini kama wageni wa kawaida na kupima mambo yanayofikia 900. Wiki zinazodhaniwa kuwa za ukaguzi, hoteli nzima huwa na homa. Wewe tulia. Ukimfundisha mtu kumtambua mkaguzi, umemfundisha kwamba wageni wengine wote hawana maana.

Pesa ya kuondokea

Falme za Kiarabu, mfanyakazi aliyemaliza mwaka mmoja au zaidi ana haki ya malipo ya mwisho wa utumishi: mshahara wa siku 21 kwa kila mwaka katika miaka mitano ya mwanzo, na siku 30 kwa kila mwaka unaofuata. Hesabu hufanywa kwa mshahara wa msingi. Ukiwa na msingi wa dirhamu 3,000 na posho 2,000, siku moja ni dirhamu 100, mwaka ni 2,100, miaka mitano ni 10,500. Zile posho 2,000 hazimo. Ndiyo sababu nilikuambia mapema uutafute mshahara wa msingi kwenye mkataba, na ndiyo sababu hesabu hii iwe kwenye darasa lako la wafanyakazi wapya, ubaoni, kwa maandishi makubwa. Rasilimali watu watakuuliza kwa nini unafundisha hiyo. Jibu lako: ni sehemu ya kazi yao.

Kabla ya kuondoka, chukua barua ya utumishi inayotaja cheo chako na kazi ulizofanya, na nakala ya kila cheti ulichopata. Waachie wakufunzi wa idara daftari lako la kumbukumbu, nakala, siyo lenyewe. Ukifika Dar, pumzika wiki, kula ukoko wako, halafu nenda kampasi ya Temeke ukaulize kama wanahitaji mtu wa kufundisha kwa vitendo, na zunguka hoteli za Kunduchi na Kigamboni ukiwa na daftari mkononi. Watakuambia hawana bajeti ya mafunzo. Waambie wakupe kitanda kimoja, wahudumu watatu na saa mbili za kazi zenye malipo, uwaonyeshe.